Shekeli moja ni drakma ngapi? Hesabu yangu imegoma

Karani wa Masasi
Salaam wakuu. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi huku Masasi, na Jumapili nafundisha vijana kanisani. Juzi tulikuwa kwenye Mathayo 25, mfano wa talanta. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, talanta ni kilo ngapi?" Swali kama hilo unamuuliza mtu wa mizani! Nikajibu kifua mbele kwamba wiki ijayo naleta hesabu kamili. Leo siku ya tatu, sijalala vizuri.

Nilianzia Kutoka 38. Wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli (kipimo cha uzito cha Waebrania), jumla talanta 100 na shekeli 1,775. Nusu ya watu hao inatoa shekeli 301,775. Ondoa zile 1,775, gawa kwa 100: talanta ni shekeli 3,000. Safi kabisa, hata mkaguzi angepiga mhuri.

Nikaenda kwa Wagiriki. Talanta yao ni mina 60, mina ni drakma 100, kwa hiyo drakma 6,000. Nikasema basi, shekeli moja ni drakma mbili, kazi imekwisha. Kuja kwenye gramu: shekeli ni kama 11.4, drakma ya Athene kama 4.3. Drakma mbili ni 8.6 tu! Ukipiga kwa talanta nzima, moja ina kilo 34 na nyingine hazifiki 26. Gunia likipungua kilo nane ghalani kwangu, naitwa kujieleza. Hizi zimekwenda wapi?

Sonara wa Mikindani
Karani, hakuna kilichoibwa. Umejikwaa pale uliposema talanta ni talanta. Jina moja, mawe mawili. Marehemu baba alinifundisha usonara kwa tola, na tola ni gramu 11.66. Naona shekeli yako inaikaribia sana, ila ukiniletea dhahabu ya shekeli mia nikakulipa kwa tola mia, nimejipunja mwenyewe gramu zaidi ya 20. Usivushe kwa idadi. Shusha kwanza kwenye gramu, ndipo uvuke upande wa pili: 11.4 gawa kwa 4.3, shekeli moja ni drakma 2.65 hivi za Athene.

Pishi na Debe
😂 Karani mzima wa korosho umesahau kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi? Kila mnunuzi na chombo chake, na wote wanaita kipimo.

Dada wa Nachingwea
Sonara amesema kweli kwa uzito wa Athene, lakini Mwalimu, ukisoma zaidi utakutana na majibu mengine mawili, usije ukachanganyikiwa tena. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki kule Alexandria, penye shekeli waliandika didrakma, yaani drakma mbili. Halafu Josephus, Myahudi wa karne ya 1, anasema shekeli ni drakma nne.

Hiyo nne ina sababu. Zama zake sarafu iliyotumika kulipa kodi ya hekalu ilikuwa shekeli ya Tiro, ya gramu 14 hivi, ambayo ni drakma nne za hukohuko Tiro. Ndiyo hadithi ya samaki wa Petro, Mathayo 17. Kwa Kigiriki kodi inaitwa didrakma, na sarafu ya kinywani ni stateri moja, ikalipia watu wawili. Biblia zetu zinasema nusu shekeli na shekeli. Kwa hiyo kabla ya kugawa, uliza: shekeli ya lini, drakma ya wapi?

Gramu zako 11.4 zenyewe zimetoka kwenye mawe ya chokaa yaliyochimbuliwa nchi ya Yuda, na hayalingani yote sawasawa. Lipo hata jiwe dogo lililoandikwa "pim", gramu 7.8 hivi. Neno hilo liko 1 Samweli 13:21, na watafsiri wa Kiingereza wa zamani hawakulijua, wakakisia ni tupa ya kunolea!

Karani wa Masasi
Asante sana dada, na wewe sonara. Sasa mane, yaani mina ya Waebrania, nayo? Nimeona shekeli 50, lakini Ezekieli 45:12 anataja 20, 25 na 15, ambazo ni 60.

Dada wa Nachingwea
Zote zilikuwepo. Babeli walihesabu kwa sitini. Ukichukua 50 unapata gramu 570, ukichukua 60 unapata 684. Mina ya Athene ni 430. Na jina lenyewe mina Wagiriki waliliazima kwa Wasemiti.

Ustadh wa Kilwa
Na Waarabu nao wameazima. Dirhamu ni drakma iliyopitia Uajemi. Na ile ratli ya marhamu kwenye Yohana 12, Kigiriki chake ni litra, na ratli yenyewe, wachunguzi wa maneno wanasema, ni litra hiyohiyo iliyotufikia kwa Kiarabu. Ilikuwa ya Kirumi, gramu 327 hivi. Ratili ya dukani enzi za babu ilikuwa 453.

Karani wa Masasi
Ustadh, usinifungulie ghala jingine! Jumapili nakwenda na magunia mawili ya korosho, la kilo 34 na la 26. Aliyeuliza ndiye atakayeyabeba.