Kibofu hakinipi nafasi, na siku hizi sina raha kabisa. Nifanyeje?

BintiMakorora
Shikamooni wakubwa. Nipo Tanga mjini, miaka 43, watoto wanne, wote nimejifungua kawaida. Tangu mwaka jana haja ndogo ikinibana inabana kweli: ufunguo ushaingia kitasani na bado naloana palepale mlangoni. Usiku ni kuamka tu. Kwenye shughuli natafuta mkeka wa karibu na choo, khanga ya akiba mkobani. Harusi ya mpwa wangu Pangani nimesingizia homa. Mume anauliza mbona husemi, huli. Na kilio kinanijia bila sababu. Sasa ni kibofu kinanitia unyonge, au unyonge ndio umeharibu kibofu? Tafadhali msinitanie.

MzeeRaskazone
Pole mwanangu. Punguza maji tu, kwisha habari.

NesiMstaafu
Mzee wangu, hapo umempotosha. Ukijinyima maji mkojo unakuwa mzito, unakiwasha kibofu, kinazidi kushtuka. Cha kupunguza ni chai ya rangi na kahawa, hasa jioni (najua watu wa Tanga mtaninunia).

Mdogo wangu, hayo mawili yanavutana. Anayevuja hujitenga, halali vizuri, anaingia kwenye sonona, yaani unyonge mzito usioisha. Mwenye sonona naye ni rahisi zaidi kusumbuliwa na kibofu. Serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, ina mkono pia katika kukidhibiti kibofu. Usihangaike kipi kilianza. Nenda hospitali ya Bombo wapime mkojo na sukari kwanza, maana maambukizi na kisukari huleta hali hiyohiyo. Kisha mweleze daktari na hicho kilio. Dawa za kutuliza kibofu zipo, za sonona zipo, na baadhi ya hizo za sonona zinagusa kibofu, kwa hiyo lazima ajue yote.

Nyumbani, ukibanwa usikimbie. Simama, kaza misuli ya chini kama anayezuia upepo, subiri makali yapungue, ndipo utembee. Jizoeze kuchelewesha dakika 5, uongeze taratibu. Na kukaza na kuachia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ni kazi ya wiki 6 hadi 12, si ya kesho.

UmmuS
Mimi ilikuwa nikipiga chafya au nikicheka, baada ya mtoto wa pili. Mazoezi hayo yamenifaa sana. Ila anayevuja mchana na usiku bila hata kubanwa, hasa baada ya uzazi mgumu, achunguzwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hospitali ya CCBRT, Dar, wanaitibu bure.

BintiMakorora
Asanteni. Si mfululizo, inakuja na kuondoka. Lakini hata tarawehe niliacha.

UmmuS
Usiache dada. Mwenye mkojo usiozuilika anajisafisha, anavaa pedi, anatawadha wakati ukishaingia, anaswali. Wako unakatika, kwa hiyo muulize ustadhi hukumu yake.

BintiMakorora
Na hapo hospitali, naanzaje kusema mbele ya foleni?

NesiMstaafu
Mapokezi sema "matatizo ya mkojo", basi. Mengine ndani, mlango ukishafungwa. Ila kama mawazo yamefika kutamani kufa, anza na hilo, na uende leo, na mtu.