Naomba ushauri: safari ya boti na familia Ghuba ya Mwanza

Wakuu, habari za majukumu. Shemeji yangu ana boti ya faiba yenye injini ya kupachika, na tumekubaliana mwezi ujao tuzungushe familia: watoto watatu, mke wangu, na mama mzazi.

Tumepanga tutokee Capri Point, tupite kando ya kisiwa cha Saanane, tuambae na vighuba vya Nyegezi na Luchelele, kisha tushuke hadi Daraja la J.P. Magufuli, watoto walione kwa chini. Ukerewe tumeiacha, kule ziwa ni wazi mno kwa boti ndogo.

Kinachoninyima usingizi ni mama. Alipoteza ndugu meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na tangu hapo hajakanyaga chombo cha majini. Safari hii amekubali mwenyewe, kwa ajili ya wajukuu. Nataka asishtuke hata mara moja. Je, tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi kabla ya saa sita, upepo wa mchana hautatukuta njiani?

Pili, majaketi okozi ya mtoto wa miaka minne yanapatikana wapi hapa mjini? Niliyoyaona ni ya wakubwa, mtoto anachomoka kwa chini.

Halafu gugumaji: likijisokota kwenye pangaboi mnalitoaje, hasa karibu na matete wanakokaa viboko? Kuogelea nimeshapiga marufuku, kichocho sikitaki.

Wenye uzoefu wa ghuba hii, hasa wavuvi, naombeni mnielekeze.