Tuko 9 nyumba moja likizoni: nusu saa ya kutulia naipata wapi?

Mama wa Watatu
Habari zenu. Tuko likizo ya siku 10 ufukweni: mimi, mume wangu, watoto watatu, mama mkwe, wifi yangu na wanawe wawili. Nawapenda wote, na vicheko vya jioni sebuleni ndivyo tulivyovifuata huku. Lakini leo siku ya nne, sijakaa peke yangu hata dakika tano.

Jana nilijifungia bafuni, nikafungulia bomba ili wadhani naoga, nikakaa ukingoni mwa beseni na daftari magotini. Kabla sijaandika neno, kitasa kikazunguka: "Mama, umo humo?" Kisha vidole vinne vidogo vikapenya chini ya mlango.

Mwezi uliopita nimetimiza miaka 40, na nina barua ya kazi inayosubiri jibu tukirudi. Nilitegemea huku ndiko nitaifikiria vizuri. Kumwambia mama mkwe nataka kuwa peke yangu, naogopa atadhani nimemchoka. Wenzangu mnafanyaje?

Baba Mapacha
Pole sana dada. Kwangu imefaa alfajiri, saa kumi na moja. Kuamka si kazi, kazi ni kutoka bila kuamsha nyumba. Andaa usiku: viatu nje, daftari na kalamu mezani, simu izime kabisa. Tena lala mapema pamoja na watoto. Ukikesha na wakubwa hadi saa sita, alfajiri utasinzia tu juu ya daftari.

Mtembea Pwani
Kama mko baharini, fuata maji. Yakipwa, ufuko unakuwa mpana na unatembea mbali bila mtu kukusemesha. Ila kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo usitegemee saa ileile ya jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanakwenda mbali sana na yanarudi juu sana. Angalia yanapoanza kujaa, usije ukazingirwa.

Shangazi
Mwanangu, usijifiche. Watoto wakihisi unajificha ndiyo kwanza watakutafuta. Taja saa: "Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na nusu niko barazani, baba yenu yupo." Mtoto "baadaye" haielewi, lakini mshale wa saa anauona. Na mkweo mwambie mwenyewe, mkiwa wawili tu, si mbele ya watu. Mama mtu mzima akiombwa kwa heshima hakwaziki.

Mama wa Watatu
Nimerudi kuwashukuru. Jana jioni tukikunja nguo nilimwambia mama mkwe, sauti ikinitetemeka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mkwe wangu, unadhani kwa nini kila alfajiri natoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka?"

Leo saa kumi na moja tulikuwa barazani sote wawili, yeye kwenye mkeka huku, mimi kwenye ngazi kule, hatusemezani. Maji yalikuwa yanajaa, nayasikia bila kuyaona. Nimeandika kurasa mbili. Barua bado sijaijibu, ila swali langu sasa nalijua: si mshahara, ni kwamba kazi hiyo itanitoa nyumbani kabla watoto hawajaamka. Kesho nitaanzia hapo.