Naomba ushauri: kiinua mgongo baada ya kupunguzwa kazini

Wakuu, habari zenu. Kampuni ya programu niliyokuwa nafanyia kazi imepunguza wafanyakazi wengi kwa mkupuo, nami nikiwemo. Kiinua mgongo kimekokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho ya kudumu iliyomo kwenye mkataba imeachwa. Kibaya zaidi, malipo ya notisi na ya likizo ambayo haikuchukuliwa yamejumlishwa humo humo, ilhali hizo ni haki tofauti, hivyo jumla inaonekana nono kuliko ilivyo.

Hati yao inataka saini ya kukiri kwamba sina dai lingine. Sijasaini. Nimeomba mchanganuo kwa barua pepe, wakarudisha jumla ile ile.

Je, naweza kupokea kiasi kisicho na ubishi huku nikiandika kwamba napinga salio? Na muda wa kufungua shauri huhesabiwa tangu tarehe ya barua ya kupunguzwa kazini au siku ya mwisho kazini?