Komisioneri (dalali wa nyumba) wa simu tatu amenitukana mbele ya mama mkwe: eti "watu wa bei yako hawachagui kartie" (mtaa)!

Mama_Kituku (mwenye uzi)

Jambo wandugu. Naandika hasira ikiwa bado moto. Viatu sijavua, samaki zangu za sambaza ziko nje juani na paka anazila, acha azile. Leo sina habari na sambaza.

Yule komisioneri mnamjua wote. Jina lake siliandiki hapa wala halihitajiki. Yule wa simu tatu, wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, anayeshinda kati ya Signers na Terminus. Huyo huyo. Goma nzima ameshaiuza mara mbili, limebaki ziwa tu, na nina hakika ameshalipiga picha akaweka kwenye status.

Leo, mbele ya mama mkwe wangu, ameniambia hivi: "Mama, watu wa bei yako hawachagui kartie. Kartie ndiyo inawachagua."

Rudieni kusoma. Watu wa bei yako!

Nilikuwa nimefanya kosa gani? Niliuliza maswali. Tulifika Lac Vert kuona nyumba ya kununua, parseli (kiwanja) iko bondeni, shimoni kabisa, nyumba ya mbao, bati bado zinang'aa. Nyumba nzuri, sikatai. Naangalia uani, hakuna kuku. Kwa jirani hakuna mbuzi. Goma hii, tangu lini mkaona uwanja usio na kuku hata mmoja? Nikauliza kwa adabu juu ya ile hewa ya sumu ya ardhini: "Papa, hapa mazuku haitoki?" Akajibu mazuku ni maneno ya wazee. Ya wazee! Upande ule wote, Lac Vert, Mugunga, Bulengo, nani hajui mbuzi na mbwa wanaokutwa asubuhi wamelala na hawaamki? Na watu imewaua pia.

Nikauliza choo kimechimbwa mpaka wapi, maana kwetu kuchimba choo ni kuvunja jiwe la volkano kwa nyundo, na wajanja wanakuuzia shimo la kufika magotini wanaliita choo. Nikauliza maji wanachota wapi. Nikauliza karatasi: ni fishi ya kartie, karatasi ya mtaa tu, ama ni sertifika, hati yenyewe? Hapo ndipo alipovua miwani. Miwani ambayo haivui hata kanisani! Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kucha za miguu, akamgeukia mama mkwe wangu, si mimi, mama mkwe, ndipo akasema hayo maneno.

Motari, wale wa pikipiki, wakacheka. Mwenye nyumba akacheka mpaka akashika ukuta. Mtoto aliyekuwa anapita na bidoni la maji kichwani alisimama, akalitua chini, ili apate nafasi ya kucheka vizuri.

Bei yangu! Bei yangu ni sambaza za soko la Kituku, ni likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa), ni kuwangoja wavuvi kabla jua halijatoka. Kila dolari yangu inanuka samaki na sioni haya. Tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa Majengo. Tuliona mbingu nyekundu, lava ya Nyiragongo ikashuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kisha ardhi ikatetemeka usiku na mchana, barabara zikapasuka, na tarehe 27 wakatuamuru tuondoke, kartie 10 kwa mara moja. Nilitembea mpaka Sake na mtoto mgongoni. Mimi niliyeona hayo ndiye nisiulize nyumba iko mahali gani? Mimi ndiye wa kuchaguliwa na kartie?

Na pesa ya kunitembeza alikuwa ameshaipokea. Aliihesabu mara mbili. Hiyo haikuwa ya bei yangu?

Mbele ya mama mkwe, wandugu. Mbele ya mama mkwe.

Jiwe_Jeusi

Pole sana mama. Lakini bei ni ngapi? Tuambie kwanza, tujue kama ni tusi ama ni habari. Hahahaha.

Mama_Kituku

Jiwe_Jeusi, bei yangu haikuhusu hata kidogo. Nimekuja na malalamiko, sikuja kukuuzia kitu.

Mtoto_wa_Birere

YULE! Mimi nilimjua tangu aliposema simu tatu. Alinipeleka Himbi akaniapia nyumba inaona ziwa. Ziwa linaonekana kweli, ukipanda juu ya bati, ukashika antena kwa mkono mmoja, na jirani akakubali kukata mparachichi wake. Nikamwambia muzee, ziwa liko wapi? Akaniambia "liko, ni wewe mfupi".

Jiwe_Jeusi

Hahaha, "ni wewe mfupi". Huyo mtu ana kipaji bana.

Mama_Kituku

Msimcheke! Mkicheka anapata nguvu. Mimi alinigeukia kisogo akaongea na mama mkwe wangu kana kwamba mimi sipo.

Tshukudu_Bila_Breki

Mama, ulivyouliza mazuku ulifanya vema kabisa, na mtu anayeita hiyo maneno ya wazee anacheza na roho za watu. Ile ni gazi karboniki, inatoka kwenye nyufa za ardhi, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa kwenye mabonde na mashimo. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa haujaamka, ndipo inakuwa mbaya zaidi. Haina moshi wa kuona. Mtoto akiinama ama akikaa chini inampata kabla ya mtu mzima aliyesimama. Keshero ipo, Himbi nako ipo, si Lac Vert peke yake. Mtu anayetaka kununua upande wa magharibi aende kwanza OVG, kwa wachunguzi wa volkano, aulize, halafu aulize majirani, mwisho kabisa ndiyo amsikilize komisioneri.

Katindo_Juu

Ndiyo maana sisi tunakaa Katindo. Sijui kwa nini watu wanajitesa.

Mtoto_wa_Birere

Katindo mko na nini? Robine (bomba la maji) yenu inatoa hewa. Kila asubuhi nawaona na mabidoni mnapigana foleni na sisi.

Katindo_Juu

Afadhali foleni ya maji kuliko foleni ya ndege juu ya paa, ndugu yangu.

Murara_Daima

Acheni mambo ya ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilishindwa kuruka ikaingia sokoni Birere, na tarehe 24 Novemba 2019 nyingine ikaangukia nyumba za watu Mapendo. Kuna watu humu walizika. Na sababu moja mnaijua: lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilifunika kipande cha juu cha njia ya ndege, miaka na miaka zikawa zinarukia njia fupi. Sasa nyinyi mnaokimbilia magharibi mkiogopa lava, mnaingia kwenye mazuku. Mnaobaki kati, miaka na miaka mmelala chini ya ndege. Kaskazini kuna mlima wenyewe. Kusini kuna ziwa, na ndani ya ziwa kuna gazi nyingine. Mimi niko Murara, nimejenga juu ya lava ya 2002, jiwe tulilolilia ndilo tumelifanya fondasio, na sihami.

Mama_Kituku

Murara_Daima, aksanti, wewe unaelewa. Lakini wewe ULICHAGUA Murara. Hakuna mtu aliyekutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha akakuambia Murara imekuchagua. Hicho ndicho kinaniuma. Na hamjui kilichofuata. Njiani kurudi, tuko kwenye moto (pikipiki) watatu, mama mkwe amekaa kati, kimya tangu Lac Vert. Kufika Mutinga ananiuliza sikioni: "Mwanangu, kwani hiyo bei yako ni ngapi?" Nilitaka kuruka kutoka kwenye moto ikiwa inaenda. Tangu nimeolewa, mama huyo hakuwahi kuuliza pesa zangu. Sasa amejua zipo, na amejua si nyingi. Yote kwa mdomo wa mtu wa miwani!

Jiwe_Jeusi

Sasa hata mama mkwe anataka kujua bei. Tuko pamoja naye. Bei ni ngapi?

Dada_Mabanga

Jiwe_Jeusi una shida gani? Muache mama. Wanaume wa makomisioneri wanatufanyia hivyo kila siku. Mimi nilienda na pesa zangu mwenyewe, taslimu, akaniuliza "papa wa nyumba atakuja lini?" Nikamwambia papa wa nyumba ni mimi. Akafunga lango.

Karani_wa_Zamani

Wanangu, mnagombana juu ya kartie na hakuna anayeuliza jambo kubwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Unachokipata wewe ni haki ya kuutumia, na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa, ile inayotoka kwa konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya kartie siyo hati ya kumiliki. Karatasi ya shefu wa avenyu siyo hati. Picha mliyopiga mkipeana mikono siyo hati. Na hata sertifika yenyewe, miaka 2 ya kwanza mtu bado anaweza kuishambulia mahakamani. Mama alipouliza karatasi, ndipo alipomgusa yule kijana penye kidonda. Nimeona parseli moja ina wenye watano, na wote wana fishi, na wote fishi zao zina muhuri.

Mtoto_wa_Birere

Shikamoo muzee. Sasa sisi wa fishi tulale wapi leo?

Karani_wa_Zamani

Lala, lakini kesho uamkie kadastri, ofisi ya vipimo vya ardhi.

Mushi_wa_Kadutu

Batu ba Goma munapenda kulia. Nyumba yenu mukiiacha asubuhi, jioni munaikuta palepale. Njooni Bukavu! Huku Kadutu parseli ya jirani ilishuka na mvua, ikaingia kwetu na ndizi zake, na choo chake, na mbwa wake amefungwa. Sasa jirani anasema tumemchukulia udongo, anatudai. Mvua ikianza kunguruma hatuulizi "nguo zimeanuliwa?", tunauliza "ukuta ungali?" Halafu komisioneri wa huku anakuonyesha mteremko mkali, mtu ashike majani ndiyo asimame, anakuambia "hapa panapata hewa".

Mwana_Lubumbashi

Kwetu L'shi kuchagua kulikwisha zamani. Babeleji njo balichagulaka: beupe huku mujini, beusi kule Kamalondo, katikati metre 700 batu basijenge, eti malaria isibafikie. Na mpaka leo bei ya parseli inajua ule mupaka ulipitaka wapi. Huyo komisioneri wenu hakuanzisha kitu, anarudilia tu maneno ya Mubeleji.

Mama_Kituku

Mwana_Lubumbashi, umesema neno zito. Lakini Mbelgiji hakuniambia mimi mbele ya mama mkwe! Huyu wa leo aliniambia! Jamani, hakuna atakayempigia simu? Moja kati ya hizo tatu?

Lokateri_Amechoka

Nyinyi mnaonunua mshukuru Mungu. Sisi wa kupanga tusemeje? Bayeri (mwenye nyumba) wangu alichukua garanti, ile amana ya kodi, ya miezi 6, nimetoka nyumbani kwake salama, sijavunja hata kioo, ananiambia garanti imeliwa na rangi. Rangi gani? Nyumba ni ya mbao, haijawahi kuona rangi!

Dada_Mabanga

Wewe ni rangi. Mimi garanti yangu ililiwa na "kuchakaa kwa mlango". Mlango niliukuta umechakaa, nikamwonyesha siku ya kuingia, akasema tutaongea. Tumeongea sasa.

Katindo_Juu

Bayeri wa Katindo hawako hivyo.

Lokateri_Amechoka

Bayeri ninayemsema ni wa Katindo!!

Mtoto_wa_Birere

HAHAHA. Katindo kimya.

Mushi_wa_Kadutu

Garanti miezi 6? Huku mwaka jana nilimwona mmoja anaomba mwaka mzima na anataka kujua unasali wapi.

Mama_Kituku

Uzi huu ni wa komisioneri. Naomba turudi kwenye komisioneri.

Lokateri_Amechoka

Mama pole, tumekusikia, yule ni mtu mbaya. Lakini wewe pesa yako unayo mkononi, yangu iko kwa mtu. Kuna anayejua pa kumshitaki bayeri? Kwa shefu wa kartie wanakula bia pamoja.

Karani_wa_Zamani

Una kontra ya maandishi, mwanangu?

Lokateri_Amechoka

Tuliandikiana kwenye daftari la mtoto wake.

Karani_wa_Zamani

Daftari liko wapi?

Lokateri_Amechoka

Kwa mtoto wake. Amelipeleka shule.

Dada_Mabanga

Shule gani? Mimi nina shangazi anafundisha upande huo, kesho asubuhi anaweza kuliona.