Mbwa anavuta kamba sana: kola, hanesi au mnyororo wa kukaba?

Mwenda_Asubuhi:
Habari zenu wakuu. Nina mbwa anavuta kamba balaa, yani kutoka getini mpaka kurudi ni mvutano tu, bega langu linauma. Kola niliyokuwa namvalisha imevunjika kifungo leo kwa hiyo lazima ninunue kitu kabla ya wikiendi. Nimeona aina tatu: kola ya kawaida ya shingoni, hanesi ile ya kuvaa kifuani, na mnyororo wa kukaba ambao akivuta unambana. Muuzaji kaniambia mnyororo ndo unamaliza kazi mara moja. Wenye uzoefu nisaidieni, ipi bora?

Kipanga:
Mkuu mbona hujasema ni mbwa gani? Umri? Uzito? Dume au jike? Umekaa naye muda gani? Mbwa wa kilo 5 na wa kilo 40 huwezi kuwanunulia kitu kimoja.

Tausi_M:
Na pua yake ndefu au bapa? Kama ni pug au bulldog hapo hakuna mjadala, mvalishe hanesi. Hao kupumua kwao ni shida tangu wazaliwe, ukiwabana na shingo unawaonea. Hata vile vimbwa vidogo vidogo, koo lao ni jepesi, kola ikivutwa kila siku wanaanza kukohoa kikohozi kile kikavu kama bata.

Mlinzi Mkongwe:
Mimi nimefuga mbwa wa ulinzi miaka mingi, German Shepherd na Rottweiler, wote wametembea na mnyororo na hakuna aliyeumia. Shida ni watu wanavuta halafu wanashikilia. Unatakiwa uvute kidogo na kuachia hapohapo, mbwa anaelewa. Pia mbwa lazima ajue mkubwa nani, la sivyo atakuburuza mpaka uzeeni.

Nyota_ya_Jioni:
Naombeni niandike kwa urefu kidogo maana hili la mnyororo lilitupata nyumbani. Tulikuwa na jike mpole sana, tatizo lake moja tu, akiona mbwa mwenzake anavuta kwenda kumsalimia. Anataka kucheza, basi. Tukampata mwalimu wa mbwa, akaja na mnyororo, kila akivuta kuelekea kwa mbwa mwingine anakabwa mpaka anakohoa. Mwanzoni ikaonekana imefanya kazi, anatembea pembeni, kichwa chini, wote tukafurahi. Halafu tukaanza kuona akimwona mbwa kwa mbali tu mwili unakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama, anaanza kunguruma. Siku moja akamrukia mbwa wa jirani na kumng'ata sikio, damu, kelele, jirani hakutusemesha muda mrefu. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo tukidhani labda ana maumivu mahali, yeye ndo akatufungua macho: huyu hajajifunza kutovuta, amejifunza kwamba mbwa wengine wakitokea shingo yake inauma. Tukaanza upya. Tunasimama mbali kabisa, akimwona mbwa kabla hajakakamaa anapewa kipande cha nyama, tunageuka tunaondoka. Miezi kwa miezi. Ametulia lakini hajawahi kurudi alivyokuwa, mbwa asiyemjua akitokea tunavuka upande wa pili wa barabara. Na huyu alikuwa anasalimia kila kiumbe.

Mlinzi Mkongwe:
Pole sana dada. Ila hapo kosa ni la mwalimu, sio la kifaa.

Nyota_ya_Jioni:
Asante kaka. Lakini kama kifaa kinahitaji mkono wenye uzoefu wa miaka yote hiyo uliyonayo ili kisidhuru, anayeanza leo auziwe cha nini?

Tausi_M:
Na hii habari ya mkubwa nani tuiache jamani. Ilitoka kwa mbwamwitu waliofungiwa pamoja, mtafiti Rudolf Schenkel ndo aliandika mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu aliyesaidia kuieneza, mwaka 1999 akaandika mwenyewe kwamba porini kundi ni familia tu, baba, mama na watoto wao, hakuna anayepigania uongozi kila siku. Mbwa anavuta kwa sababu anataka kufika kwenye harufu na wewe unatembea taratibu kuliko yeye.

Mlinzi Mkongwe:
Ya mbwamwitu sibishani nawe. Mbwa wangu wananisikiliza bila kununuliwa na nyama, siku nyama imeisha mfukoni utafanyaje?

Tausi_M:
Nyama ni ya kufundishia tu. Akishaelewa unapunguza, mara unampa, mara unamsifia tu, mara unamruhusu akanuse pale alipopataka. Kunusa ni malipo tosha kwa mbwa.

Mwenda_Asubuhi:
Samahanini wakuu nilikuwa kazini. Ni dume, kama mwaka na nusu, mchanganyiko, kilo 28. Pua ndefu. Nimemchukua kwa mtu aliyehama, huko alikuwa anashinda amefungwa.

Kipanga:
Sasa hiyo ya kushinda amefungwa ndo ungeanza nayo. Mbwa kama huyo akitoka nje kila kitu ni kipya, hata ungemvalisha dhahabu angevuta. Mimi nasema hanesi, ila ANGALIA PETE IKO WAPI. Hanesi yenye pete mgongoni tu, mwenye kilo 28 atakuburuza vizuri zaidi maana anasukuma kwa kifua chote bila kuumia, wale mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji si ndo wanavalishwa hanesi kamba ikitokea nyuma. Tafuta yenye pete kifuani, akivuta anageuka ubavu kukuelekea, ile nguvu inakosa pa kwenda. Kabla hujaenda kununua pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele. Ukimvalisha vidole viwili vipite chini ya mkanda, ila ngumi isipite.

Salama_K:
Naongezea. Chagua ile ambayo mbele ina umbo la Y, zile zenye mkanda unaokatisha mabega zinambana akitembea. Angalia makwapani kila mkirudi, zinachubua. Na mbwa akiogopa anaweza kurudi kinyumenyume akachomoka, kwa hiyo kola pia nunua, yenye kibati cha namba yako ya simu, na kamba uiunganishe kote kuwili. Mtu akiniuliza kola au hanesi mimi nasema vyote.

Kipanga:
Sahihi. Kola ibebe namba, hanesi ibebe kamba. Na kuna watu walipima presha ndani ya jicho, mbwa akivuta kwa kola ikapanda, kwa hanesi haikupanda. Mbwa mwenye matatizo ya macho hilo si dogo.

Mwenda_Asubuhi:
Kwa hiyo nikinunua hanesi ya pete ya mbele ataacha kuvuta?

Salama_K:
Hapana mkuu, itakupunguzia nguvu tu ili upate nafasi ya kumfundisha. Kamba ikikaza unasimama. Humvuti, humfokei, unasimama. Ikilegea hata kidogo unamsifia mnaendelea. Siku za mwanzo mtafika nyumba ya tatu mtarudi, na nyumbani wote mfuate sheria hiyohiyo, watoto wakimwachia avute anaona leo inakubalika. Kabla hamjatoka mchezeshe kwanza uani apunguze moto.

Mlinzi Mkongwe:
Hapo kwenye kusimama tuko pamoja. Kamba nunua ya kawaida ya mita 2, zile zinazojikunja ndani ya kisanduku usiguse, zinamfundisha kwamba akivuta kamba inaongezeka, na ule uzi ukikuzungukia kidole na kilo 28 zikikimbia unakikata. Ila mnyororo sijaubadilishia msimamo.

Mwenda_Asubuhi:
Sawa wakuu, jioni nampima kifua. Muuzaji anasisitiza mnyororo na hanesi aliyonionyesha ina pete ya mgongoni tu, sijui nitafute duka lingine au nianze na kola kwanza.

Jirani_Mpya:
Samahani kudandia uzi, wa kwangu havuti, anaitafuna kamba yenyewe, ni mtoto wa miezi minne. Nipake kitu kichungu?

Tausi_M:
Miezi minne meno yanabadilika huyo, fizi zinamuwasha. Mpe mpira mgumu wa kutafuna na kamba usimwachie nayo akiwa peke yake, akimeza nyuzi zinaweza kumziba utumbo. Chanjo zake zimeisha? Usimtembeze kwenye mbwa wengi kabla hazijakamilika, virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha kwa watoto wa mbwa, vinakaa kwenye udongo miezi mingi.

Jirani_Mpya:
Imebaki moja. Na usiku analia sana, hiyo nayo ni meno?