Naomba ushauri: taa ya baiskeli kwa safari za usiku

Wakuu, habari zenu. Naendesha baiskeli kujifurahisha tu, na kazi hunibakizia usiku. Juzi nimeponea chupuchupu: gari lilinijia na taa kali, sikuona kitu kwa sekunde kadhaa, tairi la mbele likazama shimoni. Ringi imepinda, kiwiko kimechubuka (mke wangu bado ananuna). Taa yangu ni ya lumeni 200 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Penye taa za barabarani inatosha, gizani naona mita chache tu. Je, nitafute ya lumeni 600 au dawa ni kupunguza mwendo? Niielekeze chini kiasi gani nisiwapofushe wanaokuja? Na ile nyekundu ya nyuma, iwe ya kuwaka na kuzima au iwake mfululizo ili dereva akadirie umbali?